Naombeni ushauri: paroko kanipa kazi ya kuchambua muvi za vijana parokiani, nazipimaje?

Mwana_Uyole

Tumsifu Yesu Kristo wakuu. Na msio Wakatoliki karibuni pia, mana najua humu mpo wengi na muvi mnazijua kuliko sisi.

Nipo Mbeya, huku Uyole. Parokiani kwetu VIWAWA (chama cha vijana Wakatoliki) wana muvi Jumamosi jioni ukumbini, lengo vijana wasikimbilie mabanda umiza, vile vibanda vya video mtaani. Sasa paroko kasema kabla muvi haijaonyeshwa mtu aiangalie kwanza, aandike karatasi moja: inahusu nini, inafaa umri gani, kiimani ina shida gani. Inabandikwa ubaoni na kutumwa kwenye magrupu ya jumuiya. Kazi nimeangushiwa mimi, kisa napenda muvi.

Ugomvi umeanza mapema tu. Kuna mama mmoja wa WAWATA (umoja wa wanawake Wakatoliki), namheshimu sana, yeye anataka nihesabu: mabusu mangapi, matusi mangapi, mganga yupo au hayupo, ikizidi ifutwe. Vijana nao wanasema kwa mtindo huo tutabaki na katuni. Muvi iliyowasha moto ni ya Bongo, binti anapata mimba, mama yake anamburuza kwa mganga, mambo yanaharibika, na mwisho padre anaenda polisi anamwaga yote aliyoambiwa kwenye kitubio, muziki unapanda, watu ukumbini wakapiga makofi. Mama akasema muvi mbaya kwa sababu ya mganga. Kuhusu padre hakusema neno. Hapo ndo nikachoka wakuu, nipeni mwongozo, Jumamosi ijayo haiko mbali.

chizi_wa_Mwanjelwa

Taja jina la muvi kwanza tuicheki ndo tushauri 😂

Mnyalu_wa_Kihesa

Kamwene mkuu. Umeshajibu swali lako mwenyewe ila hujashtuka. Yule mganga kaonyeshwa kama mganga, kachukua hela, kaharibu maisha ya binti, hakuna mtu aliyetoka ukumbini anatamani kwenda kwake. Padre kafanya kosa zito kuliko yote kwenye hiyo muvi na mtengenezaji kampa muziki wa shujaa. Siri ya maungamo haina mlango wa dharura, kanuni ya 983 ya Sheria ya Kanisa inasema haivunjwi, si kwa neno, si kwa namna nyingine yoyote, wala kwa sababu yoyote ile, na padre anayeivunja moja kwa moja anajitenga na Kanisa papo hapo. Kwa iyo kijana anayetaka kwenda kuungama Jumamosi hiyo hiyo kaambiwa na muvi kwamba padre akiona inafaa atamsema. Hiyo ndo ilitakiwa iwe mstari wa kwanza kwenye karatasi yako.

Na sio mimi naleta mambo ya kisasa. Mtaguso wa Pili wa Vatikano kwenye hati ya Inter Mirifica, Desemba 1963, namba 7, ulishasema kuonyesha uovu kunaweza kumsaidia mtu amjue binadamu vizuri zaidi na kuutukuza ukweli, ilimradi maadili yaheshimiwe na isiwe uchochezi. Mwaka 1995 sinema ilipotimiza miaka 100, Vatikani wakatoa orodha ya sinema 45, makundi matatu ya dini, maadili na sanaa, 15 kila kundi. Schindler's List imo, na ile ina mauaji na watu uchi kambini. Imo pia ya Pasolini ya 1964 juu ya Injili ya Mathayo, na Pasolini alikuwa mtu wa Ki-Marx asiyeamini. Ungempa yule mama wa WAWATA ahesabu, zote mbili zisingefika ukumbini Uyole.

Mi swali langu huwa moja tu muvi ikiisha: hii muvi imempa nani makofi, na kwa sababu gani. Mengine yanafuata.

Mama_Tukuyu

Wanangu msimcheke huyo mama. Mnyalu unaongea kama wanaoangalia wote wana miaka 25. Ukumbini kwenu viti vya mbele vinajaa watoto wa Kipaimara na wengine wa Komunyo ya Kwanza, kaka zao wamekuja nao. Mtoto wa miaka tisa hajui nani kapewa makofi, yeye anaondoka na picha ya kutisha usiku mzima analia.

Mfano mdogo. Kila Ijumaa Kuu maparokia mengi tunaweka ile The Passion of the Christ ya 2004, na watoto wamo humo humo kwa sababu ni ya Yesu. Maaskofu wa Marekani walivyoipitia waliipa A-III, yaani watu wazima. Si kwamba ni mbaya, walisema tu ya watu wazima. Sisi tunawakalisha watoto wa Utoto Mtakatifu mstari wa mbele waangalie viboko. Kwa iyo mwanangu, karatasi iandike imani yote unayotaka ila umri uuandike juu kabisa, kwa herufi kubwa, na mlangoni akae mtu mkali.

Katekista_mstaafu

Mama Tukuyu kanena. Hizo herufi ziko hivi, zitakusaidia usianze kubuni: A-I watu wote, A-II vijana na watu wazima, A-III watu wazima, L watu wazima wachache tu, mana ina mambo yatakayowasumbua wengi, O inakera maadili. Zamani walikuwa wakali zaidi. Kuanzia 1934 Wakatoliki kule walikuwa wanakula kiapo kanisani kwamba hawataangalia sinema chafu, na Papa Pio XI akawasifu kwenye waraka wa 1936, Vigilanti Cura. Ila na wao waliteleza bwana. Sinema fupi ya Mwitaliano Rossellini, The Miracle, waliitangaza haifai kabisa, halafu ile orodha ya 1995 ukiiangalia Rossellini yumo mara mbili kwa sinema nyingine. Kwa hiyo andika kwa unyenyekevu, na jina lako liweke chini ya karatasi.

dj_wa_flashi

Mi ni Mlutheri ila nauza muvi stendi Makambako, niseme la kazini. Wewe mkuu unaangalia kopi gani? Mana kuna muvi ya kawaida na kuna iliyotafsiriwa na DJ, na hizo ni muvi mbili. Kuna moja ya vita nayo hapa, askari anamzika mwenzake, wamekaa kimya kabisa, kwa Kiingereza hakuna neno. DJ humo anapiga stori za makalio ya mke wa marehemu mwanzo mwisho, na mtaani wanacheka. Ukiandika "inafundisha urafiki" halafu wakaingiza kopi ya DJ, paroko atakuita ofisini. Angalia ile ile flashi itakayochomekwa kwenye projekta, hadi mwisho, na sauti ikiwa juu.

Mwana_Uyole

Daah @dj_wa_flashi hilo sikuliwaza kabisa, na sie ya DJ ndo tunayopenda kwa sababu wengi subtaito hawazifuati. @Mama_Tukuyu shikamoo mama, mlangoni nitamweka mwenyekiti wa jumuiya yetu, yule hacheki na mtu. Ile ya padre naiandika upya leo usiku na kanuni ya 983 iwe juu, na nitamwomba paroko dakika kumi baada ya muvi aongelee siri ya maungamo mwenyewe, mana mi wakinibana maswali sitoboi.

chizi_wa_Mwanjelwa

Wakati mnahangaika na amri ya sita, usizini, hizo muvi mnazoingiza kwenye flashi kwa mia tano mtengenezaji kalipwa? Ya saba, usiibe, vipi hapo? 😂

Mnyalu_wa_Kihesa

Chizi leo kaongea la maana. Mwana Uyole, za Bongo mtafute mwenye nayo umwombe ruhusa kwa maandishi, wengi wakisikia ni parokia wanakubali au wanataka hela kidogo. Mkikwama waulizeni COSOTA, wale wa hakimiliki.

dj_wa_flashi

Mi nipo kimya hapo 🙊