Tupeane uzoefu: hati na vyeti mnavihifadhi wapi nyumbani?

Wakuu, salaam. Baada ya kumaliza mirathi ya mzee wetu, familia imenikabidhi karatasi zote: hati ya kiwanja, vyeti vya kuzaliwa, cheti cha ndoa cha wazazi, risiti za kodi ya ardhi. Natafuta sefu. Kariakoo nimeonyeshwa visanduku vyepesi vya namba. Ukigonga vinalia kama debe, na muuzaji anaapa haviungui. Sefu ya moto ya kweli ni nzito, kuta zake nene, na ina kibandiko kinachotaja dakika 30 au 60 za kuhimili moto. Kwa karatasi, kipimo kinachotumika sana ni joto la ndani lisizidi nyuzi 177. Vifaa vya data kama flashi huwekewa kipimo kikali zaidi, mara nyingi nyuzi 52. Mnaomiliki, tuambieni mliyoyaona.

Mama Tanga: Mwanangu, pole kwa msiba. Huku pwani unyevu ndio unaotumalizia karatasi. Kile kilichojazwa ndani ya kuta za sefu ya moto kimebeba maji, ndiyo yanayogeuka mvuke na kupooza joto moto ukiwaka. Siku za kawaida unyevu huo hujipenyeza ndani kidogo kidogo. Masika moja nilifungua nikakuta cheti cha ndoa kimeota ukungu pembeni na wino wa muhuri umetapakaa. Siku hizi kila karatasi iko kwenye mfuko wake wa plastiki, na katikati nimeweka vipakiti vya silika, vinanyonya unyevu. Zile punje za buluu zikigeuka waridi zimeshiba maji, zikaushe kwa joto dogo. Ila usitumie chombo cha kupikia, rangi ile ya buluu ina kobalti, ni sumu. Na siku za jua kavu nafungua mlango sefu ipumue. Vyeti usivipige laminesheni ya moto, ikishashika haitoki.

Wa Bondeni, Dar: Sefu yangu ilihimili moto kwa maandishi, maji ya mafuriko yakaingia bila hodi. Ilikuwa sakafuni. Vyeti viligandana, tulivitenganisha taratibu vikiwa bado vibichi, tukavitandaza kivulini, feni ikapuliza kwa mbali. Tungevianika juani, vingejikunja na kupauka. Sasa ipo juu, usawa wa kifua, na kila kitu kimefungwa kwenye mfuko usiopitisha maji.

Jirani wa Nairobi: Ifungeni kwa bolti kwenye zege, jamani. Kwetu wezi hawakuhangaika na namba, waliibeba nzima. Hati ya shamba ikaenda nayo. Kupata nyingine ni kuripoti polisi, kuapa kiapo, kutangaza kwenye Gazeti Rasmi la Serikali, kisha kusubiri siku 60 tangu tangazo litoke. Mnunuzi hakusubiri.

Fundi Kufuli, Mwanza: Nyongeza ya kazini. Simu nyingi ninazopigiwa ni za betri kuisha huku ufunguo wa dharura umefungiwa humo humo ndani. Weka betri mpya za alkali kila mwaka hata kama za zamani bado zina nguvu. Na badilisha namba ya kiwandani siku ile ile unayonunua, zile za kiwandani zinajulikana.

Mwanzisha mada: Asanteni sana, hasa Mama Tanga. Nimeshaacha visanduku vya debe. Nachukua nzito ya dakika 60, fundi atatoboa zege chumbani, juu kidogo ya sakafu. Ufunguo wa dharura atakaa nao dada yangu, na namba tutaijua wawili. Nakala nimezipeleka kwa wakili zigongwe muhuri, hizo zitakaa nyumba nyingine. Swali limebaki moja: aliyewahi kuweka hati halisi benki, gharama ya mwaka ni kiasi gani, na mwenye hati akifariki familia inaifikiaje?