Fundi wa springi amenidhalilisha mbele za watu, eti gari yangu INANIAMKIA!!

Tenga la Pili:
Wakuu, nimetoka huko sasa hivi, mikono bado inatetemeka kwa hasira. Mkiona herufi zimeruka mnivumilie.

Huyu fundi mnamjua. Jina sitaji, mods wa hapa wakali. Ni yule yule wa chini ya mkwaju, anayesema "njoo kesho mchana" tangu nchi haijaingia vyama vingi. Yule anayekula chapati akiwa amelala chini ya gari ya mtu. Kama una pikapu ya zamani hapa Tanga na hajawahi kukuliza, subiri, zamu yako inakuja.

Gari ni Hilux LN106, injini ile ya dizeli inayoitwa 3L. Nabebea machungwa ya Muheza. Nyuma ilikuwa imeshuka, sikatai. Springi zimenyooka tii, pua imetazama mbinguni, taa zinamulika popo kwenye minazi, madereva wa malori wananiwashia full na matusi juu. Nikampelekea. Akafungua, akayagonga majani, yale mabapa ya chuma ya springi, nyundo moja moja mpaka yakapinda, akafunga. Gari ikasimama imara, nikampa hela yote na ya soda. Nikapakia machungwa, ikalala chini ile ile.

Nikarudi. Akachomeka jani nene la Fuso, kalikata kwa grinda, akabana kwa yubolti, zile bolti za U zinazoshika springi kwenye ekseli, zile zile zilizoliwa na kutu. Sasa ikiwa tupu inanirusha kichwa kinagonga paa. Ikibeba mzigo, kushoto chini, kulia juu.

Leo nimekwenda kumwambia kistaarabu kabisa. Pale kuna mama wa uji, kuna vijana wake, kuna na mteja wangu niliyempa lifti. Jamaa akaizunguka gari, akainama, akafuta mikono na tambara, akasema kwa sauti ya kusikika mtaa wa pili:

"Mzee, hii gari haijashuka. Inakuamkia. Iitikie."

INANIAMKIA!

Watu wamecheka uji ukamwagika. Kijana mmoja wa spana akaitikia kwa niaba yangu, "Marahabaaa!" Mteja wangu, ambaye namdai kwenye daftari, naye kacheka mpaka kashika mlango.

Hela amekula, sawa. Jani la Fuso kaniwekea, sawa. Lakini iniamkie? Mzee nani? Arobaini sijafika! Nimepita stendi narudi nyumbani, bodaboda tayari wanaitikia marahaba. Habari imefikaje kabla yangu na mimi ndiye nina gari?

Popo wa Mnazini:
Marahaba mkuu.

Kandambili Moja:
Nimekaa siti ya mbele, nina karanga. Endelea hapo kwenye "iitikie".

Dada wa Ngamiani:
Mleta uzi pole. Ila nimecheka mpaka mtoto kaamka.

Difu Kavu:
Tuache utani kidogo. Springi zikishachoka, chuma chenyewe kimechoka. Ukikigonga kikiwa baridi kinapinda leo, mzigo wa kwanza kinarudi kilikotoka. Na hilo jani la Fuso ndilo baya zaidi: nene, upinde wake haufanani na wenzake, kwa hiyo halifanyi kazi nao. Siku moja jani kuu litakatika pale kwenye tundu la senta bolti, ile inayoshona majani yote katikati, utaona.

Yubolti zikishafunguliwa weka mpya, bei yake si kitu. Za zamani zimeshavutika, hazibani tena. Zikilegea senta bolti inakatika, ekseli inasogea, gari inatembea upande kama kaa. Halafu nunua springi kwa jozi, kushoto na kulia pamoja. Angalia bushi (mipira ya kwenye macho ya springi) na shekeli (vyuma vinavyoshika ncha ya springi) pia, zikiliwa upande mmoja gari inalala hata kama springi ni mpya. Pima kwenye sakafu iliyo sawa, kutoka katikati ya gurudumu mpaka ukingo wa bodi, kila upande.

Na breki! Hilux nyingi za miaka hiyo zina kifimbo kinachotoka kwenye ekseli ya nyuma kwenda kwenye vali ya breki. Nyuma ikishuka, vali inadhani umebeba mzigo, inapeleka nguvu nyingi breki za nyuma. Gari tupu, mvua, ukikanyaga ghafla matairi ya nyuma yanagoma na gari inazunguka. Ukiinua nyuma, kifimbo kirekebishwe upya.

Tenga la Pili:
Asante mkuu, umeandika vizuri. Lakini hujagusa pale aliposema INANIAMKIA.

Mtu wa Mizani:
Swali dogo. Hiyo Hilux unaipakia tani ngapi? Hizo ni za kama tani moja. Mimi nawajua watu wa machungwa, mnapanga matenga mpaka yanapita kichwa cha gari, halafu juu anakaa utingo na juu ya utingo kuna kuku.

Tenga la Pili:
Kuku alikuwa mmoja na alikuwa wa mama mkwe. Usibadilishe mada.

Popo wa Mnazini:
Kumbe gari ilikuwa inamuamkia mama mkwe, wewe umejipendekeza tu.

Kandambili Moja:
😂😂😂 Uzi ufungwe.

Shokapu Moja:
Huyo fundi mimi alinifungia shokapu ya kushoto tu. Namuuliza ya kulia, kanijibu "hiyo bado inajitahidi".

Dada wa Ngamiani:
Afadhali yenu ya gari. Kuna fundi cherehani, nyote mnamjua, yule wa kibaraza cha kijani. Kanishonea dera la harusi ya mdogo wangu, mkono mmoja mrefu mmoja mfupi. Namwonesha, ananiambia "simama vizuri, umeinamia upande".

Bi Mkasi:
YULE!! Mimi kitambaa nilimpa mita nne, nikaletewa gauni la kubana nisiloweza kukaa. Wiki iliyofuata namwona mwanawe kavaa shati la maua yale yale.

Mtu wa Mizani:
Hahaha, shati la maua yale yale.

Shokapu Moja:
Suruali yangu ya Idi bado iko kwake. Idi ipi, msiniulize.

Tenga la Pili:
Jamani, kuna anayejua duka lenye springi za LN106 za jozi, si za kuokoteza? Kesho kutwa nina mzigo.

Bi Mkasi:
Dada wa Ngamiani, lile dera ulivaa au ulirudisha?

Dada wa Ngamiani:
Nilivaa. Picha zote nimekunja mkono mmoja, watu wanadhani ni pozi.

Kandambili Moja:
Tupia picha.

Bi Mkasi:
Atupie. Na mimi natafuta ya lile shati.