Birika la umeme au kifaa cha kikombe kimoja? Tupeane uzoefu tulioko Dodoma

Mleta mada, Ilazo
Salaam wanajamvi. Birika letu la umeme limeanza kuvuja, na mwenzangu anataka tusinunue jingine bali tuchukue kile kifaa cha kikombe kimoja: unajaza tangi, unaweka kikombe chini ya mdomo wake, unabonyeza, na haipiti dakika moja kinatoa maji ya moto ya kikombe hicho tu. Sizungumzii dispensa ya ofisini yenye chupa kubwa kichwani. Mliotumia vyote viwili, tupeane uzoefu, hasa kwa maji yetu haya na umeme wa LUKU, huu wa kununua uniti kabla ya kutumia.

Mama wa Kisasa
Umenitonesha kidonda. Maji ya visima vya Makutupora yana chokaa, na yakichemka chokaa hiyo huganda. Kwenye birika angalau unaiona: tabaka jeupe chini, kisha vijigamba vinaelea kikombeni na mgeni anadhani hukuosha chombo. Unakamua limau, unachemsha, unaacha usiku kucha, asubuhi unamwaga na kusuuza. Kifaa cha kikombe kimoja kinachemshia ndani ya chumba kidogo kisichofunguliwa, na vijia vyake ni vyembamba. Changu kilianza kutoa kikombe kisichojaa, kikaja nusu, mwishowe kikawa kinatema mvuke na matone yanayoruka hadi ukutani. Fundi alipokifungua alimimina mezani vipande vyeupe vigumu kama maganda ya yai.

Kijana wa Majengo
Naunga mkono hoja. Bila limau, hapa hakidumu kifaa chochote cha maji ya moto.

Mstaafu, Hombolo
Mimi natofautiana nanyi kwa heshima. Mke wangu ana baridi yabisi ya viganja, na birika la lita 1.7 likijaa lina uzito unaozidi kilo mbili, tena za maji yanayochemka. Alikuwa akisubiri nirudi shambani ndipo anywe chai. Tangu tuweke kifaa hicho, mimi najaza tangi asubuhi na yeye anabonyeza tu. Angalizo langu ni moja: kinatoa kipimo kilekile hata ukiweka kikombe kidogo, na ukibonyeza mara ya pili kwa kusahau, maji ya moto yanamwagika mezani. Chagueni chenye kirekebisha ujazo.

Mhasibu, Nkuhungu
Wauzaji wanasema kinapunguza umeme kwa kiasi kikubwa, nami naomba tupige hesabu. Kuchemsha lita moja ya maji ya kawaida kunakula takribani sehemu moja ya kumi ya uniti, kwa chombo chochote kile. Uniti moja ni kama lita kumi. Anayeokoa ni yule aliyezoea kujaza birika zima kwa ajili ya kikombe kimoja. Ukipima maji yako vizuri, tofauti ni ndogo mno.

Mpangaji, Chang'ombe
Ukitaja LUKU siwezi kunyamaza. Tulikuwa wapangaji sita kwa mita moja, na uniti zikiisha mapema lawama zote zilinielekea mimi, kwa sababu birika langu lilionekana dirishani. Dada wa chumba cha mwisho aliapa kwamba ana taa na chaji ya simu tu, akapunguziwa mchango. Mama mwenye nyumba akapiga marufuku mabirika. Jioni moja umeme ukakatika, huyo dada akaondoka, na uliporudi tukaona moshi ukitoka chini ya mlango wake. Tulizima swichi kubwa, tukavunja kufuli. Ndani kulikuwa na birika lililoachwa limewashwa na kifuniko wazi. Maji yalikauka, na kitako chake kikayeyukia juu ya friji. Naam, friji! Pembeni kulikuwa na jiko la umeme la sahani mbili na pasi. Mama mwenye nyumba hakuushughulikia moshi. Alisimama akihesabu plagi.

Kijana wa Majengo
Friji, jiko na pasi kwa mchango wa taa! Huyo dada apewe wizara.

Mama wa Kisasa
Tumalizie basi, alilipa au alihama?

Mhasibu, Nkuhungu
Kosa ni la wote. Kila chumba kingefungwa mita yake ndogo, birika lisingekuwa kesi.

Mpangaji, Chang'ombe
Ndugu mhasibu, mita hizo ungenunua wewe? Usihukumu kwa kalamu maisha ambayo hujayaishi. Mama, alilipa nusu, kisha akahama usiku.

Fundi umeme, Makole
Turudi kwenye vifaa. Birika hujizima pale mvuke unapofika kwenye swichi yake. Kifuniko kikiwa wazi mvuke unapotea hewani nalo linaendelea kuchemsha. Vifaa vingi vya kikombe kimoja vinakula hadi wati 3,000, ambazo kwa volti 230 ni ampea 13, yaani kikomo cha fyuzi ya plagi yetu. Msikichomeke kwenye ekstensheni yenye friji.

Muuguzi, Ipagala
Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hivyo maji yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi. Hilo si tatizo, ila baadhi ya vifaa hivyo hutoa maji kabla hayajachemka. Kwa chai yanafaa. Maji ya kunywa yachemsheni hadi yatokote, na ya maziwa ya unga ya mtoto yasiwe chini ya nyuzi 70.

Kijana wa Majengo
Na Julai, baridi ikipiga na upepo juu, mtaoga kwa vikombe? Birika moja ndani ya ndoo linamaliza kazi.

Mama wa Kisasa
Nunueni gesi na chupa ya chai, mtaniombea dua.

Mleta mada, Ilazo
Nashukuru. Mwenzangu amesoma yote na bado anakitaka kifaa. Nizingatie nini dukani?

Fundi umeme, Makole
Nenda na kikombe chenu, na muuzaji akiwashe kikiwa na maji, si kikavu. Kisipojaza kikombe hicho sawasawa, kirudishe kabla hujalipa.