Nyanya zinanyauka na maji nazipa kila siku, naombeni ushauri

Bustani ya Uani: Wakuu, habari za muda huu. Nimeanzisha bustani ya mboga nyuma ya nyumba, tuta moja la mita 2 kwa 3. Wiki iliyopita nimehamisha miche 70 ya nyanya na hoho kutoka kitaluni. Siku ya tatu kingo za majani zikawa kahawia kama zimebabuliwa na moto, sasa inalala mmoja mmoja. Namwagilia asubuhi na jioni. Joto la huku ni kali. Ninunue neti ya kivuli au nipulize dawa? Watoto wakiamka wanakimbilia kuihesabu, roho inaniuma.

Shamba Darasa: Pole mkuu. Miche huhamishwa jioni jua likishapoa, kisha unatandaza nyasi kavu. Ikilegea mchana na kusimama jioni, hilo ni joto tu. Asubuhi inakuwaje?

Bustani ya Uani: Asubuhi ndiyo imelala zaidi.

Babu Jembe: Basi huo ni mnyauko bakteria. Kata shina karibu na ardhi, lichovye kwenye glasi ya maji safi. Ukiona kitu cheupe kama maziwa kinashuka, ng'oa yote. Mimi nilipoteza nyanya za msimu mzima hivyohivyo. Mke wangu hakunisema hata neno, alikwenda kupanda mchicha tuta la pili, na wiki ya nne tukaanza kuchuma.

Mama Wawili: Kabla ya glasi, kwenye mashimo uliweka nini?

Bustani ya Uani: Mbolea ya asili tu. Haina kemikali.

Mama Wawili: Ya mnyama gani, na ilikaa muda gani?

Bustani ya Uani: Ya kuku. Niliitoa bandani siku ileile, ndoo tatu. Lakini kuku ni wetu, hatuwapi madawa, na wazee wetu walitumia samadi miaka yote. Tuta la pili nimeshalichimba, ndoo nyingine ziko tayari pembeni.

Mama Wawili: Umeiunguza, ndugu yangu. Samadi mbichi ya kuku ina nitrojeni nyingi mno. Amonia yake inababua mizizi michanga, na chumvi yake inaizuia kunywa maji hata udongo ukiwa umelowa. Ng'oa mmoja uangalie.

Mpita Njia: Mimi naona chai hapa. Nyanya nafasi ya sentimita 50, tuta la mita 2 kwa 3 linabeba miche 24. Mleta uzi anasema 70. Picha iko wapi?

Shamba Darasa: Hata mimi nilianza kujiuliza.

Babu Jembe: Chai au si chai, ndoo tatu za samadi mbichi zinaua. Mwacheni ajibu.

Bustani ya Uani: Sidanganyi. Nimeibananisha, kiganja kimoja kati ya mche na mche, kwa sababu mbegu alizisia binti yangu na hakutaka hata mmoja utupwe. Nimeng'oa mmoja sasa hivi. Mizizi ni ya kahawia, nikiivuta kwa kucha inachunika. Ile ya ukingoni, ambako samadi haikufika, imesimama na ina jani jipya. Ni 9. Ila tuta la pili nikiweka nusu ndoo tu, si itafaa?

Mama Wawili: Hapana. Irundike na majani makavu, uwe unaigeuza, uiache miezi kadhaa mpaka ipoe na inukie udongo. Tena hoho na nyanya mnazila mbichi. Samadi ina vimelea, ndiyo maana kanuni za kilimo hai za Marekani zinataka siku 120 tangu kuiweka mpaka kuvuna mazao yanayogusa udongo. Hiyo 9 ihamishe leo jioni kwenye udongo safi.

Bustani ya Uani: Nashukuru sana dada. Ndoo moja nilishaimwaga tuta la pili asubuhi, kabla sijasoma hapa. Nimwagilie maji mengi ishuke?

Mama Wawili: Usimwagilie. Ichote yote na udongo wake wa juu, sasa hivi kabla haijalowa.

Bustani ya Uani: Nachukua koleo.