Mrejesho: ule mchoro wa mkaa wa O'Keeffe
Wakuu, wiki iliyopita niliuliza kama ile mikunjo kwenye mchoro wa msanii Mmarekani Georgia O'Keeffe, No. 9 Special wa mwaka 1915, ni mawimbi, majani au ndimi za moto. Majibu yaligawanyika. Kumbe mwenyewe alishaeleza: kichwa kilikuwa kinamuuma vibaya, akaona ayachore hayo maumivu.

Nimerudi kuutazama. Aliyeniambia niache kutafuta jina la kitu, nifuate tu weusi wa mkaa unapokolea na unapofifia, amenisaidia kuliko wote. Sasa naona kitu kinachopwita na kubana. Mawimbi bado nayaona pia, na siyaachi, maana kipandauso changu huja hivyohivyo, kinapanda kinashuka. Asanteni sana.