Arusha, Natron, Loliondo kwa Prado: nimesahau nini kwenye mzigo?

Kijana wa Njiro

Wakuu, habari za majukumu. Mwishoni mwa Agosti natoka Arusha na familia kwenda Ziwa Natron, tupande Sonjo, tulale Wasso, kisha tuingie Serengeti kwa geti la Klein's na kutokea Naabi. Gari ni Prado ya zamani, injini ya 1KZ, springi za nyuma mpya. Watu wazima watatu (mimi, mke wangu na mdogo wangu) na watoto wawili. Rafiki yangu mwenye Hilux bado anasitasita kuja.

Mpaka sasa nimekusanya hema la kufunga juu ya gari (kilo 60 kwa maneno ya aliyeniuzia), keria ya chuma, madumu sita ya dizeli ya lita 20, spea mbili, friji ya gari, jenereta ndogo, ile taa ndefu ya mbele, meza, viti vitano, jeki ndefu ya kupandisha kwa mkono, mtungi wa gesi na katoni za maji. Mke wangu ameiangalia sebule akaniuliza kama tunahama. Kipi nimesahau?

Dereva Mstaafu

Kijana wangu, hujasahau kitu, umezidisha. Nimeendesha watalii upande huo tangu enzi za Land Rover 109, na gari lililolala njiani kwa kukosa meza silijui. Yaliyovunja keria, springi na shokapu kwa mzigo nayajua mengi.

Tuanze na dizeli, maana hapo ndipo unapobeba hofu badala ya mafuta. Tangi la Prado yako linachukua lita 90 hivi. Tuseme barabara mbaya inakula lita 16 kwa kilomita 100, na hapo nimekisia kwa ukali. Tangi likijaa, unavuka kilomita 500. Sasa jaza Mto wa Mbu. Kutoka pale hadi Ngare Sero, kijiji cha kando ya Ziwa Natron, ni karibu kilomita 120, halafu upande mlima hadi Wasso, jumla haifiki 300 hata ukizungukazunguka ziwani. Wasso mafuta yapo. Madumu sita ya nini? Hayo ni kilo 100 za dizeli, bado uzito wa madumu yenyewe, na najua unataka kuyaweka juu. Chukua mawili. Yawe ya chuma, yafungwe nje, yasikae ndani na watoto. Ukijaza kwenye pampu usiyoijua, pita na kitambaa safi na faneli, mafuta yaliyochakachuliwa bado yapo mitaani. Filta moja ya dizeli ya akiba uwe nayo.

Pili, paa. Fungua kitabu cha gari uone paa linaruhusiwa kubeba kilo ngapi. Kwa magari mengi ya aina hii ni chini ya 100, na keria inahesabiwa humo humo. Wewe keria ya chuma, hema kilo 60, spea moja au mbili, madumu... umeshapita mara mbili yake kabla hujafunga viti. Barabarani lami utaona gari linayumba tu kidogo. Ukifika kwenye makorongo ya Engaruka, gari likilalia upande mmoja kwenye ukingo wa mchanga, ndipo utaujua ule uzito unataka kwenda wapi.

Juu weka vyepesi: magodoro, mablanketi, turubai, viti (vitatu, watoto wakae kwenye mkeka). Maji, betri, gesi na vifaa vya fundi vikae chini kabisa, nyuma tu ya viti vya mbele au karibu na ekseli, vimefungwa mikanda. Spana ya kilo mbili gari likifunga breki ghafla inaruka mpaka kwenye kisogo cha mtu.

Maji: lita tano kwa kila kichwa kwa siku, kunywa na kupika, bila kuoga. Natron iko chini bondeni, mchana joto linavuka nyuzi 40, na maji ya ziwa ni magadi matupu. Katoni za chupa ni nyepesi kuzinunua na mbaya kuzifunga, zinatobokatoboka. Tumia madumu ya lita 10 yaliyokuwa ya maji tangu mwanzo, kadhaa, ili moja likipasuka usipoteze yote.

Waliokuwepo 2011 wanakumbuka Samunge, kikombe cha dawa cha Babu wa Loliondo. Njia ni hii hii. Kikombe kilikuwa shilingi 500 lakini foleni ya magari ilikuwa ya kilomita nyingi, watu walilala ndani ya magari siku na siku. Nilikuwa napeleka abiria. Nilichokiona pale ni kwamba magari yaliyojaa vitu hadi kwenye buti yalikuwa na kila kitu isipokuwa uwezo wa kukipata. Jamaa mmoja pembeni yangu alipata pancha, jeki yake iko chini ya magunia ya mchele na wagonjwa wamekaa juu ya magunia. Tulishusha watu na mzigo juani mpaka kuifikia. Kwa hiyo kanuni yangu ni moja: jeki, sepetu, kipande cha ubao, kamba na pampu ya upepo vinakaa mlangoni kabisa, vya mwisho kuingia. Usivifunike hata kwa mkate.

Ubao ni wa nini? Jeki kwenye mchanga au majivu ya Lengai, ule mlima wa volkano, inazama yenyewe badala ya kuinua gari. Kata mninga wa sentimita 40 kwa 40, unene wa sentimita tatu. Hiyo jeki yako ndefu iache nyumbani, inateleza, na mpini ukimponyoka asiyeizoea unarudi usoni. Jeki ya chupa ya tani tatu inatosha. Kizuie kwanza gurudumu la upande wa pili kwa jiwe.

Simba wa Lami

Mzee umemwaga madini. Mimi naongeza tairi. Mkuu, kabla ya kufurahia spea mbili, soma tarehe ubavuni. Zile namba nne za mwisho baada ya herufi DOT: 1416 maana yake wiki ya 14 ya mwaka 2016. Spea inakaa nyuma miaka inaonekana mpya kabisa huku mpira umeshakauka. Mawe ya kuelekea Natron yanachana ubavu, na ubavu hauzibwi kwa kiraka. Spea mbili nazikubali kwa gari moja peke yake. Ila moja ikae nyuma mlangoni, nyingine chini, juu hapana.

Upepo ushushe ukitoka kwenye lami. Kwenye mchanga mzito mimi hushuka mpaka psi 18, kwenye changarawe psi 26. Lakini usishushe kama huna pampu ya kurudishia, na pampu ununue ile inayobanwa moja kwa moja kwenye betri, zile za kuchomeka kwenye kiberiti cha gari zinachemka kabla tairi la pili halijajaa.

Jenereta tupa. Porini Serengeti usiku watu wamelala, wewe unawasha kelele.

Mpishi wa Porini

Shikamoo Mzee. Kaka, hakuna aliyekuuliza mtakula nini! Nimepikia kambi za wageni huko na adui wa jikoni ni mtikisiko. Njia imekunjika kama bati, kila kitu kinasagana na jirani yake. Chupa za kioo usibebe hata moja. Maziwa ya pakiti yanapasuka kwenye pembe, yapange yakiwa yamesimama ndani ya ndoo yenye mfuniko. Mayai yafukie ndani ya unga wa sembe kwenye chombo kigumu, yanafika mazima, na unga unautumia vile vile. Nyanya nunua zilizo ngumu. Ndizi mbivu sahau.

Maharage yachemshe nyumbani, yagandishe kwenye vikopo, nyama pia. Yanakuwa ndiyo barafu yako kwenye deli siku mbili za kwanza, na mnapika bila kumaliza gesi. Mtungi wa kilo sita unawatosha sana. Kuni za hifadhini hamruhusiwi kuokota.

Na mifuko ya plastiki usijazie gari, ilipigwa marufuku Juni 2019. Ndoo ndogo na viroba vinafanya kazi nzuri zaidi, vumbi haliingii.

Kijana wa Njiro

Nawashukuru sana. Nimeshusha jenereta, taa, meza, madumu manne na jeki ndefu. Hema nimeamua kuliuza, tutalala kwenye mahema ya chini. Friji tu ndiyo naomba ibaki. Mdogo wangu anatumia insulini.

Dereva Mstaafu

Hapo ungeanza nalo, kijana wangu. Friji ni dawa, meza ni anasa. Insulini ya akiba inataka nyuzi 2 mpaka 8, na ile iliyofunguliwa kwa kawaida haitakiwi kuvuka 30, sasa hesabu gari lililoegeshwa Ngare Sero saa nane mchana. Friji ipewe betri yake ya pili, isinyonye ya kuwashia gari, ama asubuhi mtasukuma. Fundi umeme wa magari yeyote mzuri Arusha anafunga kwa nusu siku. Dawa isigusane na ukuta wa friji wala na yale maharage ya dada hapo juu, ikiganda imeharibika hata kama inaonekana nzima. Gawa dozi mara mbili, nusu kwenye friji, nusu kwenye chupa ya chai ya mdomo mpana yenye maji baridi pembeni, ikiwa ndani ya kijichupa chake kilichofungwa. Friji ikifa njiani bado mna ya kufikia Wasso, hospitali ipo.

Na sasa yule rafiki wa Hilux asisitesite. Mwambie anahitajika. Mkiwa na mgonjwa, gari la pili ndilo kifaa cha kwanza kwenye orodha, hema na taa vikiwa mbali sana nyuma yake. Kamba ya kuvutia ifungwe kwenye ndoana za chesisi, kamwe usifunge kwenye kile kirungu cha kuvutia trela, kikikatika ni risasi. Tupia koti juu ya kamba kabla ya kuvuta, watoto wasimame mbali.

Kijana wa Njiro

Nimempigia. Anauliza vumbi, kiyoyozi cha gari lake kimekufa.

Dereva Mstaafu

Vioo vya nyuma vifungwe, feni ya mbele iwashwe namba mbili ikivuta hewa ya nje, ndani kunajaa na vumbi linakosa pa kuingilia. Filta ya hewa aikung'ute kila jioni, na ya akiba abebe. Na wote wawili mtungi wa kuzimia moto na pembetatu, trafiki wa Makuyuni watawauliza kabla ya mchanga wowote.