Timu zangu tatu zote zimemaliza namba mbili, semeni ukweli mkosi ni wangu au wa timu?

mnazi_namba2:

Wakuu salamu. Nimesubiri hasira zipoe ndio niandike, maana ningeandika usiku ule wa Mei 31, 2025 ningetukana mtu. Mimi nashabikia Arsenal kwa Uingereza, Real Madrid kwa Hispania na Inter kwa Italia, na kabla hamjaanza na yale ya "shabiki wa kweli ana timu moja" najua, nimeambiwa sana, ndio nishakuwa hivyo na hakuna ninayeweza kumuacha.

Sasa angalieni huu msimu wa 2024/25. Arsenal ya pili. Madrid ya pili. Inter ya pili kwa pointi MOJA, halafu wakaenda fainali ya UEFA wakawa wa pili tena, sema ule wa Munich tusiuite upili, 5-0 ni msiba.

Nianze na Arsenal maana ndio inaniuma kuliko zote. Watu wanasema majeruhi, sawa, Saka aliumia Desemba, Jesus goti Januari, Havertz msuli wa paja Februari, mpaka Merino ambaye ni kiungo akawa anacheza namba 9 na akatufungia mbili kwa Leicester. Lakini jamani hivi mnakumbuka Jesus aliumia dirisha la usajili likiwa wazi? Dirisha dogo lilikuwa wazi kabisa na hatukuleta hata straika mmoja! Yaani nyumba inavuja, fundi yuko mlangoni, wewe unasema tusubiri mvua iishe. Mfungaji wetu bora kwenye ligi ni Havertz ana goli 9, hakuna aliyefika 10. Msimu uliopita tulifunga 91, huu 69. Pointi zimeshuka kutoka 89 mpaka 74.

Na kinachonikata maini, Liverpool wamechukua ubingwa kwa pointi 84. Themanini na nne wakuu! Sisi 2022/23 tulipata 84 hizo hizo tukawa wa pili, 2023/24 tukapata 89 tukawa wa pili. Mwaka ambao City wameyumba, mlango uko wazi, sisi ndio tumeamua kuwa wachovu. Tungerudia tu ule mpira wa mwaka jana kombe lilikuwa letu. Kadi nyekundu za Rice na Trossard mwanzoni mwa msimu nazo sitaki kusikia habari ya refa, ukipiga mpira kuuondoa filimbi imeshalia unategemea nini.

Madrid sitaongea sana, nitaumwa kichwa. Clasico (mechi zetu na Barcelona) nne tumefungwa zote nne, 4-0, 5-2, 3-2, 4-3. Mbappe kafunga 31 kwenye La Liga na bado hatuna la maana, hiyo Super Cup ya UEFA ya Agosti na lile la mabara la Desemba mtanisamehe, mimi sihesabu. Na aliyetutoa UEFA ni nani? Arsenal yangu mwenyewe. Rice frikiki mbili tuli, 3-0, halafu Bernabeu 2-1. Ile wiki sikujua nicheke au nilie, nilikaa tu natazama kama mtu ambaye watoto wake wanapigana.

Halafu kuna huyu Hakimi. Kalelewa Madrid, tukamuuza Inter, kachukua ubingwa na Inter, Inter wakamuuza PSG. Msimu huu katufunga Arsenal nusu fainali, na fainali goli la kwanza dhidi ya Inter ni yeye dakika ya 12. Hata kushangilia hakushangilia, kainua mikono kuomba radhi, nikaona hapa sasa ni mimi binafsi ninayeombwa radhi.

Swali langu: kati ya hizi namba mbili tatu ipi ni ya aibu kweli na ipi ni bahati mbaya tu? Mseme ukweli, msinibembeleze.

---

mwekundu_wa_anfield:

Pole mkuu lkn nikusahihishe kidogo hapo kwa "wachovu". Arsenal mmefungwa mechi 4 za ligi, na sisi Liverpool mabingwa tumefungwa 4 vilevile. Angalia tena jedwali. Tofauti yote iko kwenye sare, nyie 14 sisi 9. Hizo sare ndio kombe lenyewe. Villa mlikuwa mnaongoza 2-0 kwenu wakarudisha, Everton mmetoka nao sare nyumbani na ugenini, Brighton hivyo hivyo. Mechi za namna hiyo sisi Salah alikuwa anazimaliza, goli 29 na asisti 18 kwenye ligi mtu mmoja, huyo ndio tofauti ya pointi kumi, tusizunguke.

Kwahiyo kwangu namba mbili ya Arsenal sio mkosi wala sio aibu, ni ubahili. Beki mnayo bora kuliko yetu (mmefungwa 34 sisi 41), kipa mnaye, kona mnajua, ila mnaingia sokoni kama mtu anayeenda harusini amebeba sahani yake.

Na sisi pia tuambiane, msidhani nimelewa ubingwa. PSG walitutoa kwa penati Anfield kwetu, siku tano baadaye Newcastle wakatuchapa fainali ya Kombe la Carabao na siku ile hatukucheza kabisa, tulizidiwa hata nguvu za kuruka. Na Trent kaenda kwako Madrid, mtoto wa nyumbani, hiyo bado sijaimeza.

---

jini_jekundu_mgonjwa:

Nimesoma huu uzi nikacheka mpaka machozi. Mtu analia timu zake zimekuwa za PILI??? Mkuu mimi ni Man United. Nafasi ya 15. Pointi 42. Tumefungwa mechi 18 za ligi na magoli tumefunga 44 msimu mzima. Tumeanza na ten Hag akafukuzwa Oktoba, akaja Amorim na mabeki watatu wake, wachezaji hawajui wakae wapi, straika Hojlund goli 4 kwenye ligi, na January kocha mwenyewe akasema huenda sisi ndio timu mbovu kuliko zote kwenye historia ya klabu. Sisi tuliokuwa tunajipa moyo tukabaki bila la kusema.

Halafu unajua kilichonimaliza? Ile mechi ya Lyon. 5-4, Maguire dakika ya 121, nilipiga kelele nikajua huu mwaka mungu wa mpira katukumbuka, tunabeba Europa tunaingia UEFA kupitia dirishani. Tukafika Bilbao tukafungwa na Spurs (Tottenham) moja bila, timu ya 17!! Spurs msimu huu tumekutana nao mara nne wametufunga zote nne. Wao wana kombe na UEFA, sisi Ulaya hatumo kabisa mwakani. Sasa wewe njoo hapa uniambie habari za pointi 74.

Ila nikukumbushe tu, Kombe la FA lilitutupia kwenu Emirates, tukawa kumi uwanjani, Odegaard akakosa penati, na bado tukawatoa kwa matuta. Msimu wetu wote furaha ilikuwa hiyo. Asanteni.

---

mnazi_namba2:

@jini_jekundu_mgonjwa hahaha pole ndugu, hiyo ya FA nilikuwa nimeisahau kwa makusudi kabisa na wewe umekuja kuifukua.

@mwekundu_wa_anfield hiyo ya sare nimeipokea, imeingia. Ila ubahili hapana, pesa zinatumika, Calafiori kaletwa, Merino kaletwa, Sterling kwa mkopo (basi tu). Tatizo ni tunanunua pale ambapo tayari tuko vizuri.

---

catalan_wa_mchongo:

Mimi ni Barca kwahiyo nitajitahidi kuwa mstaarabu, japo umetaja clasico mwenyewe. Jumla tumewapiga 16 nyie mmetupiga 7. Haya nimemaliza.

Sasa kwa uzito. Kati ya timu zako tatu yenye aibu ni Madrid na haina mjadala. Arsenal walikosa mtu wa kufunga, Inter walikosa miguu, Madrid hawakukosa wachezaji, walikosa timu. Kroos kastaafu 2024 na hakuletwa mtu wa kushika nafasi yake, wakaona Mbappe akija basi mambo yatajipanga yenyewe. Mbele kuna Mbappe, Vinicius na Bellingham wote wanataka mpira mguuni, na ukipotea hakuna anayerudi kwa wakati. Carvajal na Militao wote magoti, sawa, hiyo ni bahati mbaya, lkn mkamaliza msimu na Lucas Vazquez beki wa kulia na Tchouameni mara kiungo mara beki wa kati. Klabu yenye hela kama ile! Dirisha dogo kimya kama Arsenal yako, naona unapenda timu zenye tabia moja.

Ile ya Mei 11 mliongoza 2-0 mapema tu, Mbappe kafunga zote mbili, mimi nimeshika kichwa, mpaka mapumziko ikawa 4-2 kwetu. Timu inayoongoza mbili halafu inakula nne ndani ya kipindi hicho hicho hiyo sio mkosi mkuu, pale hakuna anayemkabia mwenzake. Ancelotti ni mtu mwenye heshima zake ila pale alikuwa amebaki anatafuna bazoka tu. Nafasi yake kapewa Xabi Alonso mwaka huu wa 2025, ngoja tuone.

Sisi mabeki wetu nao wanapanda juu utadhani wana ndege ya kuwahi, Inter walitupiga saba kwenye mechi mbili za nusu fainali ya UEFA. Acerbi dakika ya 93, mtu ana miaka 37, beki, anafunga kama straika, na mguu ambao sio wake. Ile ndio mechi bora ya mwaka na ndio imeniumiza kuliko kitu chochote, makombe matatu ya ndani hayajanisahaulisha.

---

nyoka_wa_milano:

Mimi ni Inter peke yake, sina timu ya akiba kama wewe, kwahiyo naomba nizungumzie hii.

Watu wanaiangalia 5-0 wanasema Inter wabovu. Hapana. Inter waliisha kabla ya Munich. Rudi Aprili, kuanzia tarehe 20, tumefungwa na Bologna 1-0 dakika za nyongeza, Milan 3-0 nusu fainali ya Kombe la Italia, Roma 1-0. Mechi tatu ndani ya siku nane, goli hata moja hatukupata. Ubingwa ulikufa pale. Halafu kwa huruma ya Mungu tukapewa nafasi nyingine, Mei 18 Napoli wamebanwa na Parma 0-0, sisi tunaongoza 2-1 na Lazio nyumbani, dakika chache tu tunakuwa vinara, VAR, penati, Pedro, 2-2. Nilizima TV nikakaa gizani, mtu mzima mimi.

Sommer 36, Acerbi 37, Mkhitaryan 36, na hao ndio walianza fainali dhidi ya Doue mwenye miaka 19 aliyefunga mawili na kutoa pasi ya goli. Mayulu naye 19 kafunga la tano. Tulikuwa tunapigania makombe matatu kwa kikosi cha kombe moja na nusu. Inzaghi nampenda, katufikisha fainali mbili ndani ya miaka mitatu, ila kikosi cha akiba hakukiamini mapema na kilipohitajika kilikuwa kimepata kutu. Na zile habari za Al Hilal kuelekea fainali hazikusaidia, siku chache baada ya mechi kweli kaenda.

Kwahiyo kwa swali lako, Inter sio aibu. Fainali ni aibu, msimu sio aibu. Sijui kama umenielewa.

---

mnazi_namba2:

@nyoka_wa_milano nimekuelewa sana na nimekaa kimya dakika kama tano baada ya kusoma. Ile ya Lazio mimi nilikuwa naangalia kwenye simu, nikadhani mtandao umekwama penati ilivyochukua muda.

@catalan_wa_mchongo hiyo ya kutafuna bazoka nimecheka ila umeniumiza. Na kweli, sikuwahi kuwaza kuwa Madrid na Arsenal wamefanya kosa moja Januari ile ile. Kumbe nimeoa mabinti wa nyumba moja.

Haya basi, hukumu yangu baada ya kuwasikiliza: Madrid aibu, Inter nawaombea mapumziko, Arsenal bado nakataa kuwa sio aibu. Aliyechoka akianguka unamuinua. Arsenal hakuchoka, alifika mlangoni akakuta funguo ndani ya tundu akaanza kugonga hodi.

---

jini_jekundu_mgonjwa:

Swali dogo mkuu. Kombe la Dunia la Vilabu linaanza Juni 14, 2025 kule Marekani, Madrid wamo, Inter wamo. Wakikutana fainali utafanyaje?

---

mnazi_namba2:

Sijui aisee. Angalau hapo lazima mmoja wangu atakuwa wa kwanza.

---

mwekundu_wa_anfield:

Na mwingine wa pili 😂😂